Sifuri Juu ya Nyumba ya Baba

Mimi ni mtu wa shaka, na sioni haya kulisema. Muuza nyanya akinipimia, namtazama mkono, siitazami mizani. Mume wangu akichelewa dakika kumi namuuliza maswali matatu. Akiwahi dakika kumi namuuliza matano. Kazini waliniita Bi Hakiki, na siku jina lilipoanza nilizungusha macho kuona nani amecheka. Kwa hiyo Jumatatu ile, nilipofungua ramani ya mji na kukuta mtaa wa baba yangu umeiva wekundu, sikusema "masikini." Nilisema, "Hapa pana mkono wa mtu."

Nyekundu kwetu maana yake ardhi inapanda. Kwa mujibu wa ramani, mtaa ule wenye nyumba arobaini na kitu ulikuwa umeinuka milimita ishirini na saba katika miaka mitatu. Ijumaa ramani ilikuwa iende baraza la mji, na baraza lilikuwa limeshatangaza: popote ardhi inapovimba, watu watahamishwa, nyumba zikaguliwe, mbovu zibomolewe. Baba alikuwa na miaka sabini na sita. Nyumba ile aliijenga kwa mikono yake, tofali kwa tofali, na mama alivuta pumzi yake ya mwisho katika chumba cha mbele. Kumtoa mle kwa barua ya baraza ilikuwa ni kumuua taratibu, na mimi sikuwa tayari.

Niieleze kazi yetu kidogo, maana bila hiyo mtadhani nilikuwa mwehu. Tunaujenga mji upya ndani ya kompyuta, kuta, mapaa na barabara zake, kwa picha za rada zinazopigwa na setilaiti. Rada haioni kama jicho. Inarusha wimbi kwa ubavu, inasubiri lirudi, inahesabu muda. Paa la jengo refu liko karibu zaidi na setilaiti kuliko mlango wake, basi paa ndilo linalorudi kwanza, na pichani majengo yote yanaonekana yameanguka kifudifudi upande mmoja, kama walevi. Paa, ukuta na barabara vinaweza kulundikana katika nukta moja. Sisi tunachambua picha za miaka mitatu, tunazitenganisha nukta, tunayasimamisha majengo. Tukimaliza tunajua kila nukta iko juu kiasi gani, na kama imepanda au imeshuka hata kwa unene wa kucha.

Lakini juu ya nini? Lazima uwe na mahali pa kuanzia, nukta moja unayoiamini kwamba haisogei. Tuliiita sifuri. Mji tuliugawa vipande ishirini, kila kipande na sifuri yake, na kipande cha saba kilikuwa changu. Sifuri yake niliiweka kwenye vyuma vya roshani ya nyumba ya baba. Usinicheke. Vyuma vile vilirudisha wimbi safi katika kila picha, kiangazi na masika, bila kufifia. Na zaidi ya hapo niliijua nyumba. Nilimjua aliyeijenga.

Aliyeviunganisha vile vipande ishirini ni mwenzetu tuliyemwita Pasi. Jina lilimkaa kotekote: mashati yake hayakuwa na kunyanzi hata moja, na kazi yake ilikuwa kunyoosha makunyanzi ya ramani, pale vipande vinapokutana na kukataa kulingana. Nukta zilizojitokeza chini ya ardhi, wimbi lilipogongagonga kati ya ukuta na lami kabla ya kurudi, yeye aliziita mizimu na kuzifuta. Mtu anayefuta vitu na kulainisha vitu, tena mpole, tena hasengenyi mtu: nani angemwamini?

Jumanne baada ya kazi nilikwenda kwa baba. Nilimkuta amevua mlango wa jiko, ameulaza juu ya matofali mawili, anaupiga randa. Vumbi la mbao lilikuwa limemkaa kwenye nyusi.

"Baba, mlango huu tena?"

"Unyevu," alisema bila kuinua kichwa. "Mbao za siku hizi zinakunywa maji kama ng'ombe. Kaa, chai ipo."

Ndani kulinuka rangi mbichi. Ukuta wa nyuma alikuwa ameupaka tena, nyeupe ileile. Nilimtania kwamba duka la rangi litamjengea sanamu mlangoni, akacheka. Chini ya mguu mmoja wa meza palikuwa na kipande cha boksi kilichokunjwa, na wiki hiyo kilikuwa kinene kuliko wiki iliyopita. Nilikiona. Nilikisukuma kwa kidole cha mguu kikakaa vizuri, nikanywa chai yangu.

Jirani yake, mshonaji ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani, alitokea mlangoni na sindano bado ameibana midomoni. Akaitoa.

"Mwanangu, wewe si uko hukohuko wanakopima? Ni kweli tunahamishwa? Niambie nianze kufunga mizigo, nina nguo za watu ndani."

"Bado, mama. Msifunge kitu. Nalifuatilia."

"Mimi kwangu hakuna neno," baba aliingilia, akajipiga kifua kwa kishikio cha randa. "Setilaiti imesema. Mji mzima huu unapimwa kutoka kwenye vyuma vyangu vile pale juu. Shuleni nilipata sifuri nikachapwa. Leo sifuri hiyohiyo inanipa heshima."

Alikuwa ameshawaambia watu wote, mpaka muuza mkaa. Mama Cherehani alimtazama kwa jicho ambalo sikulipenda, jicho la mtu anayejiuliza kwa nini nyumba ya jirani ipone na yake ivimbe, na binti wa jirani ndiye mpimaji. Nilimwelewa. Hata mimi ningejiuliza.

Jumatano machale yalinicheza tangu asubuhi. Mwanamume mmoja nisiyemjua, mwenye kofia ya ujenzi kwapani na michoro iliyoviringishwa mkononi, aliingia kwa Mkuu wetu na mlango ukafungwa. Mlango wa Mkuu haufungwi hata akizungumza na mkewe. Nilipita nje yake mara tatu na glasi tupu, kana kwamba nafuata maji. Nilichosikia ni neno "kubomoa" na neno "nyuma." Nilirudi mezani nimechemka. Mtaa wa baba uko karibu na barabara kuu, viwanja vyake ni vipana. Picha yote ilijikamilisha kichwani mwangu: mkandarasi anautaka mtaa, Mkuu ameshawishika, Pasi amepewa kazi ya kuupaka wekundu.

Nilifungua kumbukumbu za faili, mahali kompyuta inapoandika nani alifanya nini na lini. Sikuchukua nusu saa. Wiki mbili nyuma, Pasi alikuwa amekigusa kipande changu cha saba. Alikuwa amenyoosha mipaka yake yote minne, akafuta mizimu mia tatu na kumi na mbili, na hakuniambia. Nilizichapisha kurasa zote, kwa furaha chungu ya mtu aliyekuwa anajua tangu mwanzo.

Alasiri Mkuu aliniita. Mgeni wake alikuwa ameshaondoka. Ramani ilikuwa ukutani, nyekundu tele, na katikati ya wekundu ile nukta moja ya kijani.

"Bi Hakiki," alisema polepole, "mimi si mtu wa maneno mengi. Hii nyumba moja ambayo haikuguswa na chochote, nimeambiwa ni ya mzee wako."

"Ni sifuri ya kipande, Mkuu. Sifuri haisogei. Ndiyo maana ya sifuri."

"Naelewa. Lakini baraza watauliza. Mtaa mzima unavimba, nyumba ya baba wa mpimaji imetulia. Wewe ungefikiri nini?"

Nilitaka kumuuliza yeye afikiri nini kuhusu wageni wa milango iliyofungwa. Badala yake nilimwambia atapata jibu kabla ramani haijaenda barazani.

Alhamisi asubuhi nilimkuta Pasi peke yake, anapangusa skrini kwa kitambaa. Nilibwaga karatasi za kumbukumbu mbele yake.

"Nani amekutuma?"

"Kunituma wapi, dada?"

"Usinidadishe. Umekigusa kipande changu usiku na mchana, umefuta nukta zangu, umenyoosha mipaka. Mtaa wa baba yangu umekuwa mwekundu kwa mkono wako. Nataka kujua yule mwenye kofia anakupa nini."

Alizisoma karatasi zote, moja baada ya nyingine, hakuruka mstari. Kisha akanitazama, na usoni mwake sikuona hofu wala hasira. Niliona aibu, na hiyo ilinichanganya.

"Yule mwenye kofia amekuja kwa ajili ya vyoo vya nyuma," alisema. "Wanavibomoa wavijenge upya. Tangazo liko ubaoni tangu wiki iliyopita. Kuhusu mipaka ni kweli. Nimekosa. Kaa nikuonyeshe nilichokikuta kabla sijakigusa."

Sikukaa. Alifungua faili la zamani, kipande cha saba kabla ya kunyooshwa. Nilikodoa macho. Halikuwa tuta lililovimba katikati. Kipande kizima kilikuwa kimeinuka sawasawa, kutoka ukingo hadi ukingo, milimita ishirini na saba kila mahali, na kwenye mpaka kilikatika ghafla kama meza. Upande huu wa barabara nyumba zimepanda, upande wa pili hazijapanda, na barabara yenyewe ni moja.

"Ardhi haifanyi hivi," nilisema. Sauti yangu ilikuwa imeshuka.

"Haifanyi. Nilijiambia ni unyevu wa angani, umelichelewesha wimbi. Hutokea. Basi nikaisambaza ile tofauti kutoka mipakani kuelekea ndani. Mipakani ikapotea, katikati ikabaki. Ndiyo maana mtaa wa mzee unaonekana kama kidonda."

"Unyevu wa miaka mitatu? Kila picha?"

"Dada, nilijua si unyevu." Alikunja kitambaa chake mara mbili, mara nne. "Kipande kizima hakiwezi kupanda sawasawa. Labda kile tulichokipimia ndicho kinachoshuka. Lakini sifuri ilikuwa yako, tena nyumba ya baba yako. Nani angekuambia? Wewe ukisalimiwa unaomba ushahidi."

Nilikaa sasa, bila kukaribishwa. Nilimwambia aihamishe sifuri, aiweke kwenye jengo la posta, ukingoni mwa kipande, ambalo lilitulia pia katika hesabu za kipande cha nane. Alibonyeza. Kompyuta ilichukua muda wake, na katika muda ule niliomba, mimi nisiyeomba ovyo, kwamba Pasi awe mwongo, mla njama, awe mtu mbaya kabisa.

Wekundu ulifutika. Mtaa wa Mama Cherehani ukawa kijani, nyumba baada ya nyumba. Ikabaki nukta moja ya buluu, rangi ya kinachozama.

Niliikuza. Tuliisimamisha nyumba ya baba nukta kwa nukta kama ilivyo: paa, roshani, ukuta wa mbele, ukuta wa nyuma. Vyuma vya roshani, upande wa nyuma, vilikuwa vimeshuka milimita ishirini na saba. Ukuta wa mbele milimita sita. Nyumba ilikuwa inainama kinyumenyume, kwenye kona ya jiko. Pale kwenye mlango unaopigwa randa. Pale kwenye meza yenye boksi chini ya mguu. Pasi alinisogezea glasi ya maji, na nilikunywa bila kuuliza yametoka wapi.

Nilifika kwa baba saa sita mchana. Alikuwa juu ya ngazi fupi na mwiko mkononi, anaziba ufa juu ya dirisha la jiko. Aliponiona saa ile, siku ya kazi, alishuka kidogo kidogo, akaufuta mwiko kwa kidole gumba.

"Umejua," alisema.

Nilikuwa nimekuja na maelezo ya rada na mawimbi, nimeyapanga njia nzima. Hayakuhitajika tena.

"Tangu lini, baba?"

"Mwaka wa tatu huu." Aliketi kwenye ngazi. "Pale kwenye kona, kabla hujazaliwa, palikuwa na kisima kikavu. Nilikijaza vifusi nikajenga juu yake. Mama yako aliniambia, sogeza ukuta hatua tatu tu. Nikamwambia yeye ashike jiko, ujenzi aniachie mimi. Miaka arobaini vifusi vilinistahi. Sasa vimechoka."

"Na hukuniambia! Mimi, mtoto wako, kazi yangu ni hiyohiyo! Kila wiki nakuja hapa, nakunywa chai kwenye meza iliyoinama, wewe unanidanganya habari za unyevu!"

Nilipaza sauti, na sijawahi kumpazia baba sauti. Cherehani ya jirani ilinyamaza.

"Unakumbuka siku uliyokuja kuniambia habari ya sifuri?" aliniuliza. "Ulipanda ngazi mbilimbili. Ukanishika mikono ukaniambia, baba, nimetafuta kitu kimoja imara katika mji huu nikakiona ni nyumba yako. Ulikuwa unacheka. Tangu tumzike mama yako sikuwa nimekuona ukicheka vile." Aliutazama mwiko wake. "Ule ufa wa kwanza niliuona asubuhi ya siku hiyohiyo. Nikasema, leo nisiuseme. Nitauziba. Kesho yake nikasema vivyo hivyo."

Nililia, na sikujificha. Mimi ninayewakagua mpaka wauza nyanya, sikuwahi hata mara moja kujiuliza kwa nini mzee wa miaka sabini na sita anapaka rangi ukuta uleule mara nne kwa mwaka. Nilimshuku Pasi, nikamshuku Mkuu, nikawashuku mafundi wa vyoo. Mkono wa mtu ulikuwepo, na ulikuwa wangu, nao uliongozwa na mapenzi, ambayo hayakaguliwi na chombo chochote cha ofisini kwetu.

"Inabidi utoke leo, baba. Kona ile haina muda. Na kesho lazima niandike."

"Andika. Uandike na jina langu, kwamba ni mimi niliyejenga." Aligeukia nyumba ya jirani. "Na hawa majirani?"

"Wao hawana tatizo lolote. Hawakuwahi kuwa nalo."

Baba aliinuka, akajipangusa vumbi la saruji magotini, akatoka nje. Nilidhani anakwenda kuiangalia roshani yake. Alikwenda mlangoni kwa Mama Cherehani, akabisha hodi kama mgeni, ingawa kwa miaka yote aliingia akiita tu. Mizigo yake mama yule ilikuwa imeshafungwa, imepangwa ukutani. Hakuwa ameniamini, na hakuwa amekosea.

"Jirani," baba alimwambia, "fungua mizigo yako. Nyumba mbovu ni yangu. Nilijua, na nilikuacha unalala na wasiwasi huku mimi najigamba. Naomba radhi."

Mama Cherehani alimtazama yeye, akanitazama mimi na macho yangu mekundu. Nilingoja atutukane, na tulistahili. Akavua kipimo cha nguo shingoni, akakitundika kwenye kitasa.

"Vyombo vyako ni vingi?" aliuliza. "Vya udongo tuvitoe kwanza. Na kona ya jiko msipite, pitieni dirishani."

Tulitoa vitu mchana kutwa, sisi watatu, kisha Pasi akaja na mume wangu, shati la Pasi likapata makunyanzi ya kwanza niliyowahi kuyaona. Meza tuliitoa mwisho. Baba alikiokota kile kipande cha boksi, akakitia mfukoni, sikumuuliza kwa nini. Jioni, jua bado lipo, tulisimama ng'ambo ya barabara tukiitazama nyumba. Kwa macho ilikuwa imenyooka kabisa. Nyeupe, safi, rangi mpya. Ungeweza kuapa.

"Sasa mji wataupimia wapi?" baba aliuliza.

"Tumeihamishia kwenye jengo la posta."

"Nani alilijenga?"

"Simjui, baba."

"Na chini yake kuna nini?"

"Sijui."

Alitikisa kichwa, akaanza kutembea kuelekea nyumbani kwangu na ndoo yake ya zana mkononi. Ijumaa asubuhi, kabla sijampelekea Mkuu ripoti yenye kosa langu kwenye ukurasa wa kwanza, nilipitia posta. Nilizunguka jengo mara mbili, nikapiga magoti kwenye kona ya nyuma mbele ya watu wenye barua mikononi, nikapitisha vidole chini ya rangi, nikitafuta ufa.